Mpango na Mbegu ya Kesho

Busara ya mkulima wa nchi kame hupimwa wakati chakula kimepungua ghalani na mvua ingali inasitasita. Mbele yake upo mtungi wa mbegu. Akiila mbegu, atashiba leo na kuupoteza mwaka ujao. Akiiacha, atavumilia njaa ili shamba lisikose cha kupandwa. Maendeleo endelevu, maneno yaliyoenea duniani hasa baada ya mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992, asili yake ni busara hii: kula mavuno na kuacha mbegu. Walakini lililo wazi kwa mkulima mmoja huwa zito kwa serikali, kwa sababu katika serikali alaye na abakiye na njaa aghalabu si mtu mmoja.

Issuna, kata ya Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, ni mahali pafaapo kulipima jambo hili. Mvua zake ni za msimu mmoja, tena hazina ahadi. Uwele, mtama na alizeti ni mazao ya nchi. Ng'ombe ni akiba ya nyumba, na samadi yake ni uhai wa shamba. Kata hiyo ipo katika barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida. Barabara ni neema, kwa kuwa humfikisha mgonjwa hospitali na alizeti sokoni. Lakini barabara ichukuayo alizeti yaweza kuchukua mkaa pia. Mhandisi huhesabu magari, wala hapana amwambiaye ahesabu miti. Mkusanya ushuru huona fedha zikiongezeka, haoni kisima kikikauka. Hivyo kila ofisi yaweza kutimiza wajibu wake vema, na nchi ikabaki uchi.

Majirani wawili wa Singida wamekwisha kutoa somo. Mashariki ipo Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza kazi mwaka 1973. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililomomonyoka, lenye kilomita za mraba 1,256. Majani yaliota na miti ikarejea. Walakini wenyeji walipoteza maziwa, samadi na akiba kwa amri moja. Ardhi ilipona, na gharama ya dawa ikawaangukia wenye ardhi.

Kaskazini-magharibi ipo Shinyanga. Huko mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliegemea ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yasiguswe mpaka kiangazi. Kaya na vijiji vilitenga maeneo yao, na kanuni zikalindwa kwa mabaraza ya wenyeji. Kufikia mwanzo wa karne hii ngitili zilizofufuliwa zilizidi hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Miradi hii miwili ilitafuta jambo moja. Iliachana katika kumpa nafasi mtu atakayepungukiwa. Kondoa alipokea amri. Shinyanga alileta ujuzi wake, na ujuzi huo ukafanywa msingi wa mpango.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake; Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka athari za miradi mikubwa zipimwe kabla haijaanza. Kinachosumbua ni wakati na fedha. Kanuni iliyowekwa katika sura ya mwisho ya mpango husomwa fungu likiwa limekwisha gawiwa, na kanuni isiyo na fungu katika bajeti ni dua tu. Yafaa kila wizara, iwe ya ujenzi, ya kilimo au ya nishati, ijiulize mwanzo: nani atapungukiwa kwa kazi hii, atafidiwa nini, naye ameketi wapi tunapoamua?

Mkutano wa kijiji huenda taratibu, na wapangaji wana haraka. Hata hivyo ucheleweshaji wa mwezi mmoja ni nafuu kuliko kuurudisha udongo uliokwisha chukuliwa na maji. Mkulima wa Issuna hana haja ya kufundishwa thamani ya mbegu. Haja yake ni mpango usiomlazimisha kuila.