Kuongeza Pumzi au Kubadili Moyo

Mwenye gari la mbio hachelewi kulitakia kasi zaidi. Njia kuu ziko mbili: kuifungia turbo injini iliyopo, au kuing'oa na kupachika nyingine yenye nguvu zaidi. Mafundi hulijadili jambo hili kwa hesabu ya fedha na nguvu za farasi. Mimi naona kwamba ndani ya hesabu hiyo mna suala jingine: kitu kikishaongezewa nguvu, hubaki chenyewe kwa kiasi gani?

Turbo ni ufundi wa kutumia kinachotupwa. Moshi wa eksozi huzungusha gurudumu dogo, nalo huzungusha jingine linaloisukumia injini hewa. Mswisi Alfred Büchi aliliandikishia wazo hilo hataza mwaka 1905. Hewa ikizidi silindani, petroli nyingi zaidi huweza kuungua, na nguvu hupanda ilhali injini ni ile ile. Gharama yake ni joto. Injini iliyosanifiwa kuvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, ikisukumiwa kupita kiasi, mafuta huripuka kabla ya wakati na pistoni hutoboka.

Njia ya pili nayo ina masharti yake. Mwaka 1962, Mmarekani Carroll Shelby alilichukua gari jepesi la Kiingereza, AC Ace, akalitia injini ya Ford ya silinda nane, ikazaliwa Cobra. Sifa zake zimeenea. Kisichosimuliwa sana ni kwamba ilipoletwa injini ya lita 7, mwaka 1965, ilibidi fremu yenyewe iundwe upya kwa mabomba manene zaidi. Injini kubwa haiji peke yake: hudai giaboksi, difu, breki na rejeta za kuiweza.

Mambo haya yamenifika nyumbani. Marehemu kaka yangu aliacha Mazda ya viti viwili, ya toleo la kwanza lililozinduliwa mwaka 1989: injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 120, uzito usiofika kilo 1,000. Mwanawe, aliyeirithi, anataka iende mbio zaidi, lakini amekwama. "Ami," aliniambia, "nikitia turbo naogopa kuiunguza injini ya baba, nikiibadili, nitakuwa nimeitoa kwa mkono wangu mwenyewe."

Kwa fundi, hofu hiyo si hoja. Kwangu ni hoja nzito kuliko zote. Namba ya injini ile imeandikwa katika kadi ya gari, na mlio wake ndio uliotujulisha, tukiwa barazani, kwamba kaka amerudi. Ingewezekana kuifuta vumbi, kuipaka grisi na kuiweka stoo chini ya kitambaa. Ingesalimika, lakini ingekuwa bubu.

Na gari pia lina haki yake. Wajapani waliolibuni waliongozwa na kauli yao ya jinba ittai, yaani farasi na mpandaji kuwa mwili mmoja. Ndiyo maana uzito wake umegawanywa karibu nusu kwa nusu, mbele na nyuma. Injini nzito mbele huivuruga mizani hiyo. Majahazi yetu mengi yalipotiwa mashine, jina lilibaki, lakini tanga lilipungua na nafasi ya shehena ikaliwa.

Rai yangu, basi, ni turbo ya kiasi. Kwanza upimwe mgandamizo wa kila silinda. Ikionekana injini imechoka, ifanyiwe matengenezo kabla ya kuongezewa chochote. Kisha hewa ya ziada isizidi baa 0.4, ipozwe kabla haijaingia, na petroli ipimwe upya kuilingana nayo. Kwa hesabu ya juu juu, nguvu 120 zitakaribia 160. Breki nazo zisisahauliwe. Kwa gari jepesi hivyo, hizo zinatosha. Barabara za kisiwa hazirefuki kwa sababu injini imekua.

Hatari haitakwisha kabisa, nami sikumficha kijana hilo. Lakini injini ikifa kazini, itakuwa imekufa ikiwa injini. Ikiwekwa stoo, itadumu miaka mingi ikiwa chuma tu.