Walikale: Tarehe iliyosomwa kinyume yamwondoa mtoto kwenye orodha

Mama mmoja aliyekimbia vita Nyabiondo, wilayani Masisi, alifika Kibua, Walikale, akimshika mtoto wake mkono, na karatasi ya kuzaliwa ikiwa imefungwa kwenye pindo la kitenge. Karatasi inasema 05/10/2020: siku ya 5, mwezi wa 10.

Mwezi Juni 2025, watoto wa chini ya miaka mitano walipoitwa kupewa chakula cha lishe, jina la mtoto huyo halikusomwa. Kompyuta ilisoma mwezi kwanza, kama Wamarekani wanavyoandika, ikaona tarehe 10 Mei. Kwa hesabu yake, mtoto alishapita miaka mitano. Ukweli ni kwamba alikuwa na miaka 4 na miezi 8.

Kosa hili hujificha. Tarehe 25/10 ingekataliwa palepale, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Lakini siku 12 za kwanza za kila mwezi hupita kimya.

Dawa iko kwa mtunga programu: tarehe iwekwe kama tarehe, si kama maneno tu, na iandikwe mwaka kwanza: 2020-10-05. Hapo kompyuta ikiulizwa nani hajafikisha miaka mitano, itajibu sawasawa.

Nanyi wazazi, mnapoandikishwa, tajeni mwezi kwa jina, kisha ombeni msomewe kilichoandikwa. Mama huyo alifungua kitenge, akatoa karatasi, akasema: “Oktoba.” Jina la mtoto likarudi kwenye orodha.