Akina Julius na swali la kidato cha kwanza

Nimepotea kama wiki mbili hivi, si mnajua nipo field. Leo nimepata muda na bando, acha niwape ya moyoni.

Jina langu mnalijua: Julius. Mzee alinipa kwa sababu nilizaliwa tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Basi nilipotia mguu tu ofisi ya walimu, wakaanza: "Mwalimu Julius karudi!" Nikacheka nao, ila moyoni nikasema hapa nimekwisha. Ualimu sikuuchagua, niliangukia. Hata fomu ya kuomba kubadili kozi nilikuja nayo kwenye begi.

Jumatatu nikaingia kidato cha kwanza, Kiswahili, aina za maneno. Andalio la somo safi kabisa. Nikaandika ubaoni: nomino ya pekee hutaja kitu kimoja mahususi, mfano Julius. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ni ya pekee, mbona akina Julius wako wengi?"

Darasa zima kicheko. Jibu sina. Nikajifanya kipindi kimekwisha, kumbe bado dakika 15.

Usiku usingizi ukagoma, nikawa nawahesabu majina wenzangu. Yupo Julius Caesar wa Roma, mwanajeshi na mtawala aliyeuawa mwaka 44 KK. Kwake Julius lilikuwa jina la ukoo, na ndilo lililotupa mwezi wa Julai. Yupo Julius Erving, Dr. J wa mpira wa kikapu Marekani, bingwa wa NBA na Philadelphia mwaka 1983. Yupo Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, hadi mwaka 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Na Mwalimu mwenyewe je? Alizaliwa Butiama mwaka 1922 akaitwa Kambarage. Julius alilipata kwa ubatizo mwaka 1943, akiwa mtu mzima. Halafu huyo huyo akaja kuutafsiri kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare kuhusu yule Julius wa Roma!

Jina moja, na halikumwambia hata mmoja wao akafanye nini duniani.

Jumatano nikarudi darasani. Nikawaambia wazi: juzi swali nililikimbia. Nikawaandika akina Julius wote ubaoni. Upekee, nikasema, haumo kwenye jina, umo kwa yule mtu tunayemtaja. Kisha nikaandika neno "mwalimu". Wakajibu kwa pamoja: nomino ya kawaida! Nikafuta m ndogo, nikaweka kubwa: "Mwalimu". Huyu nani?

"Nyereree!"

Yule binti akasema taratibu: "Kumbe Julius alipewa tu. Hilo la Mwalimu alilifanyia kazi."

Wadau, nilisimama na chaki yangu kama mjinga. Kengele ikalia, hakuna aliyenyanyuka.

Sisemi nimekuwa mwalimu. Fomu bado ipo kwenye begi, ila sijaijaza. Nanyi mliopewa majina ya wakubwa, mnayabebaje? Semeni basi. Mimi nina madaftari 62 ya kusahihisha. Tuonane wiki ijayo, bando likiruhusu.