Siku ya Tatu, Jembe

Januari 1992 nilipanda garimoshi la usiku kutoka Kisumu kwenda Nairobi, mzigo wangu mkubwa ukiwa chupa kumi na nne za samaki. Nilizifunga moja moja kwa vipande vya leso kuukuu za mama, nikazipanga ndani ya sanduku la bati. Sikupata usingizi. Kila behewa lilipotikisika nilitega sikio nisikie kama kuna kioo kilichopasuka. Ndani ya chupa mlikuwa na fulu, samaki wadogo waliojaa Ziwa Victoria utotoni mwangu na ambao kufikia mwaka ule walikuwa wameadimika. Kila chupa ilikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, maana wino hutoka kwenye dawa ya kuhifadhia, penseli hubaki. Kando, katika bahasha ndogo kama stempu, nilikuwa na vijiwe vya masikio ya mbuta, yaani sangara.

Nilikuwa nikienda Ulaya, kwenye chuo kikuu kimoja cha kilimo, kwa miezi sita. Barua yao iliniita "mtafiti mgeni". Nilipomsomea mama pale ufukweni Dunga, alipokuwa akianika dagaa wa omena, hakuuliza habari za posho wala za baridi. Alilishika neno moja tu.

"Mgeni?" akasema. Kisha akatoa methali aliyoipata kwa wateja wake wa Kaloleni: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Angalia, nyathina, mwanangu, kama watakupa jembe."

Nilidhani ananitania. Miaka mingi ilipita ndipo nikaelewa kwamba siku ile alinipa kipimo cha ufadhili wote nitakaoupata maishani.

Ziwa letu limezoea wageni wenye madaftari. Mwaka 1927 Michael Graham alitumwa kutoka Uingereza kuchunguza uvuvi wa samaki aina ya ngege. Aliyachunguza maji haya, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ripoti yake ikachapishwa London mwaka 1929. Alishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi tano, akaonya pia kwamba ni hatari kumwingiza ziwani samaki mkubwa mla wenzake kabla ya kufanya utafiti wa kutosha. Shauri la nyavu lilifika ufukweni likiwa sheria. Onyo halikufuatwa: mbuta aliingizwa kuanzia miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa na kuwala fulu kwa wingi usiosemeka. Nimekaa na wazee wengi wa Dunga. Sijamsikia hata mmoja akisimulia kwamba baba yake aliwahi kuulizwa neno na wageni wale wa mwanzo.

Baadaye utafiti ulipata makao Jinja, Uganda, mwaka 1947, kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na kipande chake cha maji, na Kenya, yenye kama asilimia 6 tu ya ziwa, ikaanzisha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi mwaka 1979, yenye kituo Kisumu. Vijana tulioingia kwenye kazi hii miaka ile tulijua njia moja tu ya kukua: kuondoka. Tulilelewa kwa hadithi za ndege za Tom Mboya, mtu wa kisiwa cha Rusinga, aliyewasafirisha wanafunzi 81 kwenda Marekani Septemba 1959. Kwetu, elimu ilikuwa kitu kinachopanda ndege.

Kule Ulaya walinipokea vizuri mno. Nilipewa meza iliyo karibu na dirisha, kadi ya maktaba, na koti zito la mtu aliyestaafu. Chai saa nne, chai saa tisa. Kila Ijumaa nilialikwa chakula cha jioni, na kila mwenyeji aliniuliza kama nimeona theluji. Juu ya kazi niliyoijia, hakuna aliyeniuliza kitu.

Nakumbuka asubuhi moja hasa. Fundi wa maabara alinionyesha namna ya kusoma umri wa samaki. Unakitoa kijiwe cha sikio, unakikata na kukisugua mpaka kiwe chembamba kama gamba la kitunguu, unakiweka chini ya hadubini. Alianza na samaki bapa wa Bahari ya Kaskazini. Ukanda mweupe, ukanda mweusi, mweupe, mweusi, kama pete za mti uliokatwa. Kiangazi samaki hula na kukua, baridi husimama. Hesabu mabaridi, umepata miaka. Kisha tukaweka kijiwe cha mbuta wangu. Kanda zilikuwapo, lakini zimefifia, zinaingiliana, nyingine zinakatika katikati. Fundi akasema sampuli ni mbaya.

Nilitaka kumwambia kwamba mstari wa Ikweta unapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Kwamba mbuta wa Kisumu hajaonja baridi tangu azaliwe. Kwamba kama kuna kitu kimeandikwa kwenye kijiwe kile basi huenda ni mvua, au kutaga, au njaa, na hilo ndilo swali lenyewe. Sikusema. Nilikuwa mgeni.

Miezi sita ilipokwisha nilirudi na cheti. Chupa na bahasha zilibaki, kwa kuwa, waliniambia, kule zitatunzwa vizuri zaidi. Baada ya miaka mitatu niliona makala yaliyotokana nazo. Jina langu lilikuwa ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani. Mama aliniuliza, "Walikupa jembe?" Nikamwambia walinipa chai.

Uchungu ule ulinipeleka Mbita. Nilivuka kwa mashua kutoka Luanda K'Otieno nikatembelea kituo cha ICIPE, shirika la utafiti wa wadudu aliloliasisi Thomas Odhiambo mwaka 1970. Odhiambo alikuwa amepitia Makerere na Cambridge, na mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science jinsi sayansi inavyoweza kujengwa Afrika Mashariki. Kilichonigusa ni utaratibu wake wa wageni. Tangu mwanzo ICIPE ilikuwa na wakurugenzi wageni wa utafiti, mabingwa wa vyuo vya ng'ambo waliokuja mara kwa mara kuwaongoza watafiti vijana papa hapa, kisha wakarudi makwao. Wadudu walikuwa wetu, mashamba yetu, maswali yetu. Aliyepanda ndege ni profesa. Mwaka 1983 wakaanzisha mpango wa shahada za uzamivu, kijana wa Kiafrika akifanya utafiti wake ICIPE na kupata shahada kupitia chuo kikuu alichojiandikisha. Na kwenye miaka ya 1990, kwa ushirikiano na kituo cha Rothamsted cha Uingereza na watafiti wa Kenya, pakazaliwa pale njia ya kupanda mahindi pamoja na desmodium, huku majani ya tembo yakizunguka shamba: desmodium huwafukuza nondo wa funyofunyo na kulidhibiti gugu la kayongo, majani ya tembo huwavuta nondo hao nje. Wakulima wa pwani ya ziwa walikuwa wakilia na kayongo muda mrefu. Safari hii mgeni alikuta swali limekwisha kuulizwa na mwenye shamba.

Nilirudi Kisumu na azimio moja: nisiende tena popote bila swali langu mkononi.

Nafasi ilikuja mwaka 2005, Wageningen, Uholanzi, chuo kilichoanza mwaka 1918 kama shule ya juu ya kilimo na ambacho kina idara ya ufugaji wa samaki na uvuvi. Safari hii sikubeba chupa. Nilibeba picha, vipimo, na ukurasa mmoja wenye swali: samaki asiyejua baridi anaandika nini kwenye kijiwe chake? Siku ya tatu baada ya kufika, mkuu wa kozi alinijia mezani na kuniomba nifundishe majuma mawili kuhusu uvuvi wa maziwa ya tropiki. Darasani walikuwapo vijana wa Uholanzi, Vietnam, Ethiopia na Bangladesh.

Niliweka picha ya kijiwe cha mbuta kwenye skrini, kijiwe ambacho fundi wangu wa zamani angekiita kibaya. Nikawaambia: msitafute baridi, haipo. Tangu mwaka 1971 inajulikana kwamba kijiwe cha samaki huongeza utando mwembamba kila siku. Kwa hiyo kwa samaki mchanga tunahesabu siku, na kwa mkubwa tunauliza ufukweni: mvua ndefu zilianza lini, mbuta walitaga lini, maji yalibadilika rangi lini. Kijana wa Vietnam akasimama akasema kwao pia ni hivyo, Mekong ina majira yake. Nusu saa darasa lilijiendesha lenyewe, nami nimesimama pembeni. Usiku ule nilitembea hadi ukingo wa mto Rhine nikampigia mama simu. "Wamenipa jembe," nikamwambia. Akauliza kama udongo ni mgumu.

Baada ya hapo mambo yalibadilika kwa kasi, na mengi yalibadilishwa kwa kalamu. Mwaka 2006 Kenya ilitoa kanuni zinazotaka kibali na makubaliano ya kugawana manufaa kabla ya rasilimali za kijenetiki kutoka nchini; Oktoba 2014 Itifaki ya Nagoya, juu ya jambo hilo hilo, ikaanza kutumika kimataifa, Kenya ikiwemo. Sanduku langu la bati lisingepita leo, na ni vyema lisipite. Mwaka 2008 ulianza mpango wa AWARD, wenye makao Nairobi, unaowajenga wanawake watafiti wa kilimo kwa kuwapa washauri na mafunzo ya uongozi bila kuwang'oa kazini kwao. Msichana niliyemfundisha kushika hadubini alipita huko, akarudi akiwa na sauti ambayo mimi sikuwa nayo mwaka 1992. Na mwaka 2013 shirika la Carnegie la Marekani lilianzisha ufadhili wa kuwaleta maprofesa wazaliwa wa Afrika walioko Marekani na Kanada kufundisha na kutafiti katika vyuo vya Afrika, kwa muda usiozidi siku 90. Njia ya ndege za Mboya ikaanza kupitika pande zote mbili.

Kwa mpango wa Carnegie, mwaka 2016 tulimpokea profesa mmoja Mkenya aliyefundisha Marekani miaka mingi. Alikuja na takwimu za omena alizozichambua akiwa mbali, na alikuwa na malalamiko: kila mwezi kulikuwa na pengo la siku kadhaa bila hesabu, hata nje ya kipindi cha kufungwa uvuvi, Aprili hadi Julai. Aliamini makarani wetu ni wavivu.

Siku ya tatu nilimpeleka Dunga saa kumi na moja alfajiri. Mama alikuwa mzee sasa, amekaa kwenye kigoda kando ya nyavu zilizotandazwa chini, omena zinang'aa juu yake kama sarafu zilizomwagwa. Alimkabidhi profesa gorogoro, kopo la kupimia. Hakumweleza kitu. Profesa akainama, akajaza, akamwaga kwenye gunia, akajaza tena, akihesabu kwa sauti mpaka mgongo ukamuuma. Alipopumzika akauliza habari ya pengo lake.

Mama akaelekeza kidole juu. "Mwezi," akasema.

Omena huvuliwa gizani kwa taa. Taa huwavuta juu, wakakusanyika. Mwezi ukiwa mpevu, nuru imetapakaa ziwa zima, taa haina kazi, na wavuvi hubaki nchi kavu kushona nyavu. Pengo la kila mwezi lilikuwa jambo la kweli kuliko namba zote zilizolizunguka. Profesa alikaa kimya, kisha akaomba penseli. Makala yaliyotoka baadaye yalianza na jina la mwanafunzi wetu wa Kisumu.

Naliandika hili kwa sababu kazi haijakwisha. Sehemu kubwa ya fedha za ufadhili bado hutoka nje, na anayelipa bado ana uwezo wa kuchagua swali. Vyuo vyetu vya kandokando ya ziwa vinapaswa kutenga chumba, mashua na posho kwa mtafiti mgeni kutoka Jinja, Mwanza au Wageningen, ili tuwe wenyeji kwa mfuko wetu. Tumekuwa wageni hodari. Uenyeji ndio tunaojifunza sasa, na mwenyeji ndiye mwenye jembe.

Mama hayupo tena. Mwaka 2020 maji yalipofura yakaufunika ufuo wa Dunga, nilishukuru kwamba hakuyaona yakiingia mahali pake pa kuanikia. Juzi mwanafunzi wangu mmoja alikuja kuniaga. Anakwenda ng'ambo kwa miezi minne, na mwenzake wa kule atakuja Kisumu miezi minne inayofuata. Barua yake bado ina neno lile, mtafiti mgeni. Kwa kuwa mama hayupo, niliuliza mimi: "Watakupa jembe?"

Alifungua daftari akanionyesha ratiba yake ya juma la kwanza. Jumatatu, kufika. Jumanne, kupumzika. Jumatano saa tatu asubuhi, anafundisha.