Nguvu za Kupona Hutafutwa Kabla ya Kisu

Kwetu Lusangi mgonjwa akipewa ruhusa ya kupasuliwa, jamaa hudhani yaliyobaki ni ya daktari peke yake. Mjomba wangu alipoonekana ana kansa ya umio, yaani mfereji upelekao chakula toka kooni hata tumboni, daktari wa mji wa mbali alimwambia: kwanza ale, apate nguvu, aache na tumbaku. Jamaa wakanung'unika: "Mtu anakufa, naye aambiwa angoje!" Mimi niliyemsindikiza nilimwuliza daktari sababu, akanieleza kwa subira.

Katika kazi hiyo umio mgonjwa hukatwa na kuondolewa. Kisha tumbo la chakula hufanywa kama mfuko mwembamba, huvutwa juu hata kifuani au shingoni, na kushonwa na kipande cha umio kilichobaki. Ncha ile hupata damu haba, kwa kuwa mishipa yake mingine imekatwa. Kiungo kisipopona huvuja, na uchafu wake huingia kifuani na kuleta usaha. Hatari ya pili ni homa ya mapafu: maumivu humzuia mgonjwa kukohoa, na makohozi hujaa.

Kiungo hicho kimewatia waganga hofu tangu zamani. Mwaka 1913, mjini New York, Franz Torek alimkata umio mama mmoja asiviunganishe vipande ndani. Mama yule alikula kwa mpira uliotoka shingoni hata tumboni, akaishi zaidi ya miaka 10.

Basi, nani yumo hatarini zaidi? Kwanza, aliyekonda sana, kwa maana mwili wenye njaa hauna cha kuzibia jeraha. Na ugonjwa huu humtia mtu njaa kabla hajafika hospitali. Pili, mvuta tumbaku, kwa kuwa moshi huharibu mapafu na kubana mishipa ya damu. Tatu, mwenye ugonjwa wa sukari, wa moyo au wa mapafu, na mzee aliyedhoofika. Nne, apasuliwaye mahali ambapo kazi hii hufanywa mara chache. Uzee hatuwezi kuuondoa. Njaa na tumbaku twaweza.

Mjomba aliacha kiko. Shangazi alimpikia uji wa karanga zilizosagwa, mayai na samaki waliopondwa. Naye alifundishwa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa kwa nguvu. Siku ya nne baada ya kupasuliwa homa ya mapafu ilimshika kweli. Tukaogopa. Lakini aliweza kuketi na kukohoa, akapewa dawa, homa ikashuka. Leo hula kidogo kidogo, mara sita kwa siku.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ugonjwa huu ni mwingi tangu Ethiopia hata Afrika Kusini. Katika hospitali ya Tenwek, huko Bomet nchini Kenya, wengi walifika wamechelewa mno kwa kisu, wakatiwa bomba la waya ndani ya umio ili wameze tu. Basi, ukiona ugali wa muhogo wakwama, nawe wausukuma kwa maji, usingoje hata uji nao ukatae. Nenda mapema. Na daktari akisema, "Mlisheni kwanza," msimdhanie vibaya: matibabu yamekwisha kuanza, na sehemu yake ya kwanza i jikoni mwenu.