Kuuguza Chura

Watu hucheka wasikiapo ya kuwa nyumba fulani inauguza chura. Mbuzi akiugua huitiwa bwana mifugo, na kuku akiinamisha kichwa mama wa nyumba hukimbilia dawa. Bali chura akiugua hutupwa jalalani, tena kwa ufagio, mtu asije akamgusa. Twaandika haya kwa kuwa katika miezi ya kusi nyumba yetu hapa Chuno iliuguza chura kwa muda wa siku 19. Waliokuja kucheka walikuwa wengi, lakini baadhi yao waliuliza maswali mema, nayo yalistahili majibu marefu kuliko yale tuliyoweza kuwapa mlangoni.

Chura mwenyewe ni wa namna ile ijulikanayo na kila mtu wa pwani: mnene, wa rangi ya udongo, mwenye madoa meusi na vinundu mgongoni. Aliingia kwetu wakati wa masika ya mwaka juzi, akachagua kukaa chini ya mtungi wa maji, mahali penye ubaridi, na usiku hutoka kuwinda mende jikoni. Watoto wakampa jina la Mlinzi. Hana kamba wala kizimba; huenda atakako, na alfajiri hurudi mtungini. Kama huko si kufuga, basi hatujui kuitweje.

Msomaji wa mbali na Mtwara apaswa kuelezwa jambo moja kabla hatujaendelea. Mikorosho yetu hushikwa na ugonjwa uitwao ubwiriunga, ambao hufunika machipukizi na maua kwa unga mweupe, na ua lililoshikwa halizai. Kwa hiyo ifikapo Juni na Julai wakulima huipuliza salfa kwa mashine, alfajiri na mapema, wakati upepo ungali umelala na umande ungali majanini. Ukiamka saa hizo utaona wingu la manjano likipita katikati ya miti. Hatusemi watu wasipulize. Korosho ndiyo iliyoezeka mabati nyumba nyingi za huku, na ndiyo iliyolipa ada za watoto wengi tunaowafundisha. Lakini wingu lile halichagui pa kutua.

Basi asubuhi moja, baada ya shamba lililo karibu nasi kupulizwa, Mlinzi alionekana kizingitini badala ya mtungini. Ngozi yake ilikuwa imepauka, na katika mikunjo ya shingo na ya mapaja kulikuwa na unga wa manjano. Macho yalikuwa nusu yamefumba. Tulimgeuza chali kwa upole, maana chura mzima hukataa kulala hivyo hata kwa nukta moja. Yeye akalala, miguu ikitikisika kidogo, asijipindue. Kijana wetu wa darasa la tatu akauliza, “Baba, atakufa?” Tukamwambia, “Bado hatujui, mwanangu. Lete maji yale ya mvua.”

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa la habari hii. Chura hanywi kwa kinywa. Maji huingia mwilini mwake kwa ngozi, hasa ngozi ile nyembamba ya tumboni na ya mapajani, na kwa sababu hiyo hukalia mahali penye unyevu kama mtu aliyekalia kata ya maji. Hata sehemu ya pumzi yake hupita katika ngozi. Mwanadamu akimwagiwa uchafu mkononi hunawa, yakaisha. Chura akimwagiwa, ni sawa na kunyweshwa. Kwa hiyo amwuguzaye chura na aanze na maji, kisha mikono yake mwenyewe, na dawa iwe ya mwisho kabisa.

Mikono yetu tuliiosha, tukaisuza mara tatu ili sabuni iondoke yote, tukamshika ingali imelowa. Mikono mikavu humparuza, nayo ya chumvi na mafuta humchoma. Baada ya kumshika tulinawa tena kwa ajili yetu wenyewe, maana nyuma ya macho ya chura wa namna hii mna matezi yenye sumu ya maziwa, na mbwa amwumaye hutokwa na povu. Mtu akijipangusa macho kwa mkono huo atajuta.

Tulimsuza kwa maji ya mvua yaliyobaki katika pipa lenye kifuniko. Yalipokwisha tulitumia ya bomba, lakini si moja kwa moja. Maji yaliyotiwa klorini hayamdhuru mtu anywaye, lakini chura huyapokea kwa mwili mzima. Basi tuliyaacha katika beseni pana, wazi, usiku na mchana, ili klorini iruke hewani. Kisha tukamweka katika karai ya plastiki, chini tumetandika kitambaa cheupe cha pamba kisichotiwa sabuni, maji yasizidi unene wa kidole. Wako wadhanio kwamba chura hawezi kufa maji. Chura aliye dhaifu hufa maji kama kuku. Juu tukafunika kwa ungo na jiwe, tukaiweka karai katika pembe ya giza, mbali na jiko. Maji yalibadilishwa asubuhi na jioni, na kazi hiyo akapewa kijana, naye hakuikosa hata mara moja, ingawa kuosha vyombo hukumbushwa kila siku.

Siku ya tatu akaja bibi mmoja jirani, mtu mzima tunayemheshimu sana. Tukamwamkia, akaitikia, akaitazama karai, akasema, “Mjukuu wangu, chura hauguzwi. Huyo katumwa. Mtilie chumvi, aondoke na mambo yake.” Sisi hatukumjibu kwa ukali, maana maneno hayo ameyasikia kwa waliomlea, na amekuja kwa kutupenda. Tulimwuliza tu, “Bibi, samaki wa ng'onda ukimpaka chumvi, maji yake huenda wapi?” Akasema, “Hutoka, akakauka.” Tukamwambia, “Na chura vivyo hivyo, ila yeye hukauka angali hai.” Akanyamaza kitambo, akasema kwamba hata hivyo hapendi kumwona, akaomba moto, akaenda zake. Chumvi hufanya kazi, ni kweli. Lakini afukuzwaye hapo ni mnyama anayeunguzwa ngozi, na hakuna habari nyingine iliyofichika.

Mwenye duka naye alitupatia ushauri: kidonge cha rangi mbili, kile watu wanunuacho kwa kila ugonjwa, kipasuliwe na unga wake umwagwe majini. Tukakataa. Wako madaktari wa wanyama watibuo vyura kwa dawa za namna hiyo, lakini hupima uzito kwanza, na kipimo cha mtu wa kilo 60 si cha mnyama wa gramu 46. Uzito huo tuliupata kwa mizani ndogo, nao tuliuandika daftarini kila jioni pamoja na hali ya ngozi yake. Bwana mifugo, tulipokutana naye njiani, alicheka kwanza, kisha akauliza swali la maana: “Tumbo lake ni jekundu?” Maana wekundu wa tumbo na mapaja ni dalili ya maradhi yaletwayo na vijidudu vya maji machafu, na ugonjwa huo huenea upesi. Tulimwangalia vizuri kwa taa. Tumbo lilikuwa jeupe. Tukashukuru, lakini hatukulegea.

Kijana wetu alitamani apelekwe kwenye kidimbwi kilicho bondeni, “akapone kwa wenzake.” Ombi hilo lilikuwa na huruma, na kulikataa kulituumiza. Sababu tuliyompa ni habari ya Kihansi, nayo twaieleza hapa pia, kwa kuwa hatukuwa wa kwanza katika nchi hii kukesha kwa ajili ya chura.

Mwaka 1996, katika bonde la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, wataalamu walimwona chura mdogo wa manjano, asiyezidi sentimita 3, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto wenye miguu tayari. Makazi yake yote duniani yalikuwa majani yaliyoloweshwa na rasharasha za maporomoko, mahali pa hekta chache tu. Bwawa la umeme lilipokamilika, karibu na mwaka 2000, maji mengi yakageuzwa kwenda mitamboni, na rasharasha zikakoma. Mabomba ya kunyunyizia yakawekwa bondeni ili kuiga maporomoko, na mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakachukuliwa kwa ndege hadi Marekani wakatunzwe. Wale waliobaki bondeni waliongezeka tena, hata katikati ya mwaka 2003 wakakisiwa kuwa 20,000. Kisha kwa miezi michache wakatoweka karibu wote. Katika maiti zao ulionekana ukungu ushikao ngozi za vyura. Ukungu huo huziba njia ya maji na chumvi za mwili, hata moyo ukasimama. Umeua vyura katika nchi nyingi, nao huchukuliwa kwa maji, kwa matope ya viatu, na kwa chura mmoja mgonjwa aliyepelekwa kwa wazima.

Huko Marekani nako mambo hayakuwa mepesi. Walikufa kwa minyoo ya mapafu na kwa upungufu wa vyakula, hata mwisho wa mwaka 2004 wakasalia pungufu ya 70. Watunzaji wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo walijifunza polepole: maji yaliyosafishwa, mvuke wa kunyunyiza, taa zenye mwanga mfano wa jua, wadudu wadogo waliopakwa vitamini. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa hayupo tena porini. Mwaka 2010 wakarudishwa 100 kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachwa tena katika bonde lao.

Kijana akasikiliza, akauliza kama Mlinzi ana ukungu huo. Tulimjibu kwamba ukungu ule hustawi kwenye ubaridi, na joto la pwani haliupendezi; lakini usiku wa Julai hapa Mtwara huwa na ubaridi wa kutosha, na kwa macho hauonekani. Alipaswa kukaa peke yake mpaka tujue. Hakupinga tena. Akamwaga maji ya karai shimoni, mbali na kidimbwi, kama tulivyomwonyesha.

Chakula ndicho kilichotutesa. Chura hali kitu kisichotembea. Waweza kumwekea nyama njema mbele ya pua, naye ataona njaa juu yake. Katika masika kumbikumbi hujileta wenyewe. Katika kusi nchi ni kavu, na watoto walizunguka na taa wakitafuta panzi na nyenje, mbali na mashamba yaliyopulizwa, maana mdudu mwenye salfa angeturudisha tulikotoka. Hatukumlisha kwa nguvu. Siku ya 8 aliambua ngozi yake ya juu, akaivuta kwa mikono na kuila, kama desturi yao ilivyo, na chini yake ikatokea ngozi ing'aayo. Siku ya 11 nyenje alipita mbele yake. Mlinzi akageuza kichwa polepole, ulimi ukatoka, nyenje akawa hayupo, na macho yakazama kichwani, kwa kuwa chura humeza kwa kusukuma chakula kwa macho. Mama watoto, ambaye hata siku ile hakuwa amesema neno jema juu ya karai ile, aliwaita majirani waje kutazama.

Jioni ya siku ya 19 mizani ilionyesha gramu 55, na akigeuzwa chali alijipindua kabla hatujaondoa mkono. Tukaondoa ungo. Asubuhi alikuwa chini ya mtungi. Mwenye shamba, aliposikia habari, alicheka sana mbele ya watu, lakini tangu siku ile, usiku wa kuamkia kupuliza, hupita akigonga mlango na kusema, “Mwalimu, kesho salfa.” Nasi hufunika mtungi, tukaziba uwazi wa chini ya mlango kwa gunia lililoloweshwa.