Lubero: Mlima wa rezo

Alfajiri ya Novemba katika nyanda za juu za Lubero, Kivu Kaskazini, mtu anasikia jembe kabla ya kumuona anayelima. Ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi na kabichi. Mstari wa ikweta unapita kati ya Lubero na Butembo, na wageni wakisikia hivyo wanadhani ni nchi ya joto. Waje walale hapa usiku mmoja bila blanketi.

Ndani ya ukungu huo, mama mmoja aliyekimbia vita Kanyabayonga mwezi wa sita mwaka 2024 anaanza kupanda. Mbele yake yuko kijana wa familia iliyompokea, mtoto wa miaka 12. Simu ameifunga katika mfuko wa plastiki na kuiweka kifuani chini ya kitenge, kwa kuwa baridi inamaliza batri. Kijijini hakuna rezo. Iko juu tu, kwenye mawe, na si kila siku.

Mwanzoni njia ni nzuri. Mikaratusi ikiisha, unabaki udongo mwekundu, na mvua ilinyesha usiku kucha. Kandambili ziliteleza mara mbili. Mara ya tatu alizivua akazishika, kisha akaona mkono huo anauhitaji, akaziacha chini ya mti. Kuanzia hapo ni mikono na magoti, kushika mizizi na majani yanayokatika. Kanyabayonga nayo iko milimani, miteremko anaijua, lakini kule alikuwa akipanda kwenda shambani kwake.

“Mama, shika hapa. Jiwe hilo usilikanyage, linatembea.”

Juu wamekwisha kufika watu sita. Hakuna anayezungumza. Kila mmoja ameinua simu, mwingine amepanda juu ya jiwe kubwa, na kwa ukungu ule unaona mikono tu. Wengi wao pia ni wakimbizi wa ndani. Watu walipotawanyika, mmoja alifuata barabara ya Kirumba, mwingine akaingia porini, na hadi leo familia nyingi zinatafutana kwa simu za kuazima.

Mama huyu aliachana na watoto wake wawili njiani. Miezi mitano bila habari.

Kidole chake kimekufa ganzi, kijana ndiye anabonyeza. Simu inalia mara moja. Ni ujumbe wa siku nane zilizopita: “Mama niko Butembo. Mdogo wangu ako na mimi. Anakohoa sana.”

Butembo! Kilometa kama 45 tu kutoka Lubero. Lakini pesa ya motari hana, na kukohoa kwa siku nane ni kitu kingine. Anapiga, haipiti. Anapiga tena, inakata. Inite zimebaki kidogo, kwa hiyo anamwambia kijana aandike: amfunike kifua, ampeleke kwa daktari, mama anakuja.

“Imefika?”

“Imetoka, mama. Kama imefika sijui.”

Wengine wanaanza kushuka kabla mvua haijarudi, maana kushuka pale ni kubaya kuliko kupanda. Mama anakaa juu ya jiwe lenye maji, simu mkononi. Batri imebaki mstari mmoja.

“Tungoje kidogo,” anasema.